Namna ya kupima madai kwamba Papa amepotosha imani, kabla hujayarusha kwenye kundi la jumuiya

Ujumbe wenyewe huwa na sura moja. Herufi kubwa tupu, picha ya Papa iliyokatwa pembeni, mistari miwili ya tafsiri ambayo hakuna anayejua imefanywa na nani, na chini kabisa unaombwa uwatumie wengine kumi. Ukitumwa Kirumba, Mwanza, jioni, kufika saa tatu usiku umeshapita Buhongwa na kuvuka ziwa hadi Nansio. Jumapili, Misa ya kwanza ikitoka, watu wameshamzunguka katekista: "Mwalimu, ni kweli Papa kabadilisha amri za Mungu?"

Mwongozo huu ni wa huyo katekista, wa mwenyekiti wa jumuiya, na wa mlei yeyote anayetegemewa kutoa jibu. Kilatini si lazima. Kinachohitajika ni simu yenye bando, Katekisimu ya Kanisa Katoliki, Mkusanyiko wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983 (kama huna, mwazime Paroko), na saa mbili ambazo hutasumbuliwa.

Jambo moja liwekwe wazi mapema. Anayesema "kila alichotamka Papa hakina kosa" na anayesema "Papa kakosea, basi si Papa" wanaonekana maadui, lakini wamekosea mahali pamoja. Wote wawili wanadhani maneno yote ya Papa yana uzito mmoja. Kazi yako karibu yote ni kuonyesha kwamba uzito hutofautiana, na unatofautiana kwa namna inayopimika.

Dai ni la aina gani?

Madai yako ya namna tatu. La kwanza: "Huyu si Papa." La pili: "Ni Papa, ila amefundisha kosa." La tatu: "Ni Papa, hajafundisha kosa, ila ametoa amri mbaya." Mfano wa la tatu ni malalamiko juu ya Traditionis Custodes ya tarehe 16 Julai 2021, iliyoibana Misa ya Kilatini ya kitabu cha mwaka 1962. Kwa kawaida mtu huanza na la tatu. Akikasirika anapanda kwenye la pili, na asipopata wa kumjibu anajikuta kwenye la kwanza bila kugundua kwamba amevuka mpaka. Kwa hiyo kabla ya kubishana mwulize amesimama wapi, na akubali kubaki hapo mpaka mazungumzo yaishe. Mkiruka kutoka dai moja hadi jingine mtakesha.

Sheria yenyewe imetenganisha mambo haya. Kanuni ya 751 ya Mkusanyiko huo wa 1983 inasema uzushi ni kukana kwa ukaidi, baada ya ubatizo, ukweli unaopaswa kusadikiwa kwa imani ya kimungu na ya Kikatoliki. Mfarakano ni kukataa kuwa chini ya Papa, au kukataa ushirika na wale walio chini yake. Kanuni ya 1364 inayaadhibu yote mawili kwa kutengwa na Kanisa. Anayelalamika huku anatii hajafanya hata moja kati ya hayo. Tazama kesi mbili. Mwaka 2016 makardinali wanne, Brandmüller, Burke, Caffarra na Meisner, walimwandikia Papa Fransisko maswali matano juu ya Amoris Laetitia, hati yake kuhusu ndoa na familia, kisha wakayatangaza hadharani. Watu wengi hawakupendezwa, lakini hakuna kati yao aliyehukumiwa kwa mfarakano kwa sababu ya kuuliza. Askofu Mkuu Carlo Maria Viganò, aliyekuwa balozi wa Vatikano nchini Marekani, yeye alikataa waziwazi kumtambua Papa na kuwa chini yake. Julai 2024 Vatikano ilitangaza kwamba amepatikana na hatia ya mfarakano na kwamba ametengwa. Mpaka umepita hapo katikati.

Tafuta maandishi yenyewe

Usijibu tafsiri ya mtu. Fungua tovuti ya Vatikano, vatican.va, utafute hati kwa jina lake la Kilatini na tarehe. Idhaa ya Kiswahili ya Vatican News hutoa muhtasari mzuri, lakini muhtasari si hati. Nyingi ya hati mpya hutazikuta kwa Kiswahili, kwa hiyo tafuta mtu wa kukusaidia Kiingereza au Kiitaliano. Mwanza hawakosekani: mapadre, masista, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT) pale Malimbe.

Swali la kwanza kwa aliyetuma ujumbe ni fupi: "Aya ya ngapi?" Hati za Kanisa zimepewa namba aya kwa aya kwa sababu hiyo hiyo. Nusu ya ubishi huishia hapo, maana aliyetuma naye alitumiwa. Akikupa namba, soma aya hiyo, mbili zilizoitangulia, mbili zinazofuata na tanbihi zake. Usisahau tanbihi. Ugomvi mkubwa kuliko yote wa miaka hii ulianzia kwenye tanbihi.

Kisha tazama sahihi. Je, ametia Papa mwenyewe, au mkuu wa idara ya Vatikano kwa idhini ya Papa? Hati ya idara ya mafundisho ya imani iliyoidhinishwa na Papa inashiriki mafundisho yake ya kawaida, kwa hiyo usiitupe kwa kusema "hiyo ni ya Kardinali tu". Lakini pia usiipandishe ikawa dogma.

Pima daraja lake

Pale soko la samaki la Mwaloni gunia la dagaa waliokaushwa kwenye chanja na gunia la waliokaushwa mchangani kwa mbali ni magunia mawili sawa. Mnunuzi anayejua kazi huingiza mkono kabla ya kutaja bei. Hati za Papa nazo, kwa mbali, zote zina nembo ile ile.

Daraja la juu kabisa ni tamko la kidogma. Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano, katika Pastor Aeternus ya tarehe 18 Julai 1870, uliweka masharti ambayo lazima yatimie yote kwa pamoja: Papa aseme akiwa mchungaji na mwalimu wa Wakristo wote, atumie mamlaka yake kuu ya kitume, jambo lenyewe liwe la imani au maadili, na atamke rasmi kwamba Kanisa zima linapaswa kulishika. Likikosekana sharti moja, karama ya kutokukosea haikutumika. Mifano isiyobishaniwa ni miwili: Kukingiwa Dhambi ya Asili kwa Bikira Maria, tarehe 8 Desemba 1854, na Kupalizwa kwake Mbinguni, tarehe 1 Novemba 1950. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "kadogmatisha baraka za mashoga", jua hajawahi kuyasoma masharti hayo.

Chini yake kuna mafundisho ya kushikwa moja kwa moja ingawa hayakutangazwa kwa sherehe ya dogma (kanuni ya 750 §2). Mfano ni Ordinatio Sacerdotalis ya Yohane Paulo II, ya tarehe 22 Mei 1994, kwamba Kanisa halina mamlaka ya kuwapa wanawake daraja ya upadre.

Daraja la tatu ndilo lenye kazi: mafundisho ya kawaida ya Papa, yanayodai "utii wa kidini wa akili na utashi" (kanuni ya 752). Ni utii wa kweli, ingawa si tendo lile la imani tunalolitoa kwa dogma. Lumen Gentium, hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano juu ya Kanisa, namba 25, inatoa vipimo vitatu vya uzito wake: aina ya hati, jambo limerudiwa mara ngapi, na namna lilivyosemwa. Viandike kwenye karatasi. Fundisho lililorudiwa na mapapa kumi kwa miaka mia tano lina mzizi kuliko sentensi moja iliyotokea mara moja kwenye tanbihi. Hoja hii Wakatoliki wa mapokeo, wanaoshikilia mafundisho na ibada za zamani, huitumia, na ni hoja halali. Ila inakata pande zote: kwa kipimo hicho hicho Humanae Vitae ya tarehe 25 Julai 1968, juu ya uzazi wa mpango, haiwezi kutupwa na wale wanaoitaka hati mpya tu.

Baada ya hapo kuna maamuzi ya busara kuhusu hali za nyakati. Donum Veritatis, hati ya idara ya mafundisho ya imani ya mwaka 1990, namba 24, inakiri kwamba katika mambo ya aina hii hati za Kanisa zimewahi kuwa na upungufu. Laudato Si' yenyewe, waraka wa Papa Fransisko juu ya mazingira, aya ya 188, inasema Kanisa halidai kumaliza maswali ya kisayansi. Mwisho kabisa yako mahojiano ya kwenye ndege. Yale maneno "mimi ni nani hata nihukumu" ya Julai 2013 yalisemwa kwa waandishi wa habari. Ukiyatumia kama fundisho, au kama uzushi, umepima upepo.

Mfano wa kwanza: Fiducia Supplicans

Huu ndio uliotikisa parokia za kandokando ya ziwa kuliko mwingine wowote, kwa hiyo tuupitie taratibu.

Hati ilitoka tarehe 18 Desemba 2023, na sahihi ni ya Kardinali Víctor Manuel Fernández kwa idhini ya Papa Fransisko. Ni tamko la idara, yaani daraja la tatu. Aya za mwanzo zinarudia fundisho la zamani: ndoa ni ya mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, na Kanisa halina mamlaka ya kubariki muungano wa jinsia moja. Aya ya 31 ndiyo iliyozua moto: inakubali baraka fupi, isiyo na ibada maalumu, kwa watu wawili walio katika hali isiyo ya kawaida, wakiwemo wa jinsia moja. Aya ya 39 inakataza baraka hiyo isifanywe pamoja na sherehe ya kiserikali, wala kwa mavazi, ishara au maneno ya arusi. Tarehe 4 Januari 2024 Vatikano ikatoa ufafanuzi kwamba inazungumzia sala ya sekunde 10 au 15.

Sasa uone ugumu wa kweli uko wapi, maana wanaopinga si wajinga. Mwezi Machi 2021 idara hiyo hiyo, chini ya Papa huyo huyo, ilijibu kwamba haiwezekani kubariki miungano hiyo. Hoja ya wanaopinga: ukiwabariki wawili kwa kuwa ni wawili, unabariki kile kinachowaunganisha. Wanaoitetea hati wanajibu kwamba wanaobarikiwa ni watu wanaoomba msaada wa Mungu, na kwamba muungano wenyewe haubarikiwi. Basi ubishi wote unakaa kwenye pengo kati ya "wawili hawa" na "muungano wao". Ukiweza kuwaeleza wanajumuiya hilo tu, umewasaidia kuliko saa nzima ya kelele. Ukijibu "Papa hakusema kitu kama hicho", umedanganya. Ukijibu "Papa ameruhusu ndoa za jinsia moja", umedanganya pia.

Maaskofu wa Afrika walifanya nini? Tarehe 11 Januari 2024 SECAM, shirikisho la mabaraza ya maaskofu wa Afrika na Madagaska, kwa sahihi ya Kardinali Fridolin Ambongo wa Kinshasa, lilitangaza kwamba kwa jumla baraka hizo hazitatolewa katika makanisa ya Afrika. Tangazo hilo lilithibitisha pia ushirika na Papa, na lilisema wazi kwamba yeye na Kardinali Fernández wamelikubali. Ambongo alikuwa amekwenda Roma kwanza. Lisome lote hadi mwisho, kwa sababu ndilo kielelezo kizuri kuliko vyote tulivyo navyo cha kutokubaliana bila kufarakana: walitaja hati kwa jina, wakatoa sababu, wakapita kwa mwenye mamlaka, wala hawakumwita mtu mzushi.

Mfano wa pili: tanbihi ya 351

Amoris Laetitia ilitangazwa tarehe 8 Aprili 2016. Ina sura tisa na aya 325. Sura ya nane, aya 291 hadi 312, inahusu walio katika hali zisizo za kawaida, hasa walioachana wakaoana tena kiserikali. Aya ya 305 inasema mtu anaweza kuwa katika hali ya dhambi kwa kuitazama kwa nje, lakini asiwe na hatia kamili, na akasaidiwa na Kanisa. Tanbihi ya 351 inaongeza kwamba katika nafasi fulani msaada huo unaweza kuwa pia wa sakramenti. Basi, ni hayo tu.

Upande wa mapokeo unaweka mezani Familiaris Consortio ya Yohane Paulo II, ya mwaka 1981, namba 84: watu kama hao wasipokee Komunyo isipokuwa wameamua kuishi kama kaka na dada, pale ambapo kwa sababu kubwa, kama malezi ya watoto, hawawezi kutengana. Wanaongeza Veritatis Splendor ya Papa huyo huyo, ya mwaka 1993, kwamba yako matendo ambayo ni mabaya kwa asili yake, na hakuna hali inayoyageuza kuwa mema. Na kanuni ya 915, inayokataza kumkomunisha anayedumu kwa ukaidi katika dhambi kubwa ya wazi.

Upande mwingine unafungua Katekisimu namba 1735: ujinga, woga, kulazimishwa na mazoea vinaweza kupunguza au kuondoa hatia. Na namba 1857: dhambi ya mauti inahitaji jambo zito, kujua kikamilifu na kukubali kwa hiari. Papa alipopelekewa mwongozo wa maaskofu wa kanda ya Buenos Aires juu ya sura hiyo, aliwajibu kwamba tafsiri yao ni sahihi, na barua hizo zikaingizwa katika gazeti rasmi la Vatikano. Makardinali wanne hawakujibiwa. Kimya hicho ndicho kilichowaumiza wapenda mapokeo kuliko tanbihi yenyewe, na kwa maoni yetu lawama hiyo si ya kupuuzwa: swali la ndiyo au hapana lililoulizwa kwa heshima lilistahili jibu.

Hapa kwetu kosa la kawaida ni la namna nyingine. Wanaosema "Papa katuruhusu kukomunika" wengi wao si walioachana. Ni walio kwenye uchumba sugu: mahari imetolewa, watoto watatu, ndoa ya Kanisa bado. Kama hakuna kizuizi, hao hawahitaji tanbihi; wanahitaji kuandikisha ndoa na matangazo ya Jumapili tatu. Aliyeachwa na ana mashaka kama ndoa ya kwanza ilikuwa halali, mpeleke kwenye mahakama ya Kanisa ya jimbo. Tangu Desemba 2015 hukumu moja ya kubatilisha inatosha ikiwa hakuna rufaa, na kesi iliyo wazi, wote wawili wakikubaliana, inaweza kuamuliwa kwa njia fupi na askofu mwenyewe. Na kumbuka aya ya 300 ya hati hiyo hiyo: haitoi sheria mpya ya jumla. Kwa hiyo hakuna mwenyekiti wa jumuiya mwenye ruhusa ya kumtangazia mtu nani anakomunika na nani hakomuniki.

Adhabu ya kifo tuipitie haraka. Mwaka 2018 Katekisimu namba 2267 ilibadilishwa na sasa inasema adhabu hiyo haikubaliki. Wapinzani wanataja Warumi 13:4 na mapokeo marefu ya Kanisa kuipa serikali haki hiyo. Angalia maneno: maandishi mapya hayasemi ni tendo baya kwa asili yake, kama lisemwavyo kuhusu kutoa mimba. Yanasimama juu ya utu wa mkosaji na juu ya magereza ya leo yanayoweza kumzuia. Anayesema "Kanisa limejipinga" anapaswa kwanza kujibu tofauti hiyo. Tanzania bado inayo adhabu hii kwenye vitabu, ingawa haijatekelezwa tangu mwaka 1994.

Wakikuletea historia

Majina mawili hayakosekani. Papa Honorio I, aliyefariki mwaka 638, aliandika barua iliyowapa nguvu waliosema Kristo ana utashi mmoja tu. Mtaguso wa Tatu wa Konstantinopoli, 680 hadi 681, ukamlaani. Papa Yohane XXII alihubiri kule Avignon kuanzia mwaka 1331 kwamba roho za watakatifu hazimwoni Mungu uso kwa uso mpaka siku ya hukumu. Wanateolojia wakampinga. Alijirudi mwaka 1334 akiwa anakaribia kufa, na mrithi wake Benedikto XII akalifunga suala mwaka 1336 kwa tamko rasmi.

Vikubali visa hivi bila kujikunyata, maana ni vya kweli. Vinaonyesha kwamba Papa anaweza kukosea katika barua au mahubiri, na kwamba kumpinga kwa heshima kuna mizizi tangu Paulo na Petro (Wagalatia 2:11). Visichoonyesha ni kwamba waumini wanaweza kumvua Papa cheo. Honorio alihukumiwa na mtaguso zaidi ya miaka arobaini baada ya kufa, na Yohane XXII alikufa akiwa Papa. Kanuni ya 1404 ni fupi: Kiti cha Kwanza, yaani Papa, hakihukumiwi na mtu.

Anayedai Kiti ki wazi

Wapo wa aina mbili. Wa kwanza wanasema hakuna Papa wa kweli tangu Pio XII alipofariki tarehe 9 Oktoba 1958. Waulize swali moja: Papa mwingine atapatikanaje? Makardinali wote walioteuliwa na Pio XII au na watangulizi wake wameshafariki, kwa hiyo kwa hesabu yao hakuna aliyebaki wa kumchagua, na Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano ulifundisha kwamba Petro atakuwa na waandamizi daima. Kwa watu wa Kagera ongeza hili: Kardinali Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza kuwa kardinali, aliteuliwa na Yohane XXIII mwaka 1960. Mwenye kushika dai hilo aseme waziwazi kwamba Rugambwa hakuwa kardinali.

Wa pili wanasema Benedikto XVI hakujiuzulu kihalali, kwa kuwa alitumia neno moja la Kilatini badala ya jingine. Kanuni ya 332 §2 inadai mambo mawili tu: kujiuzulu kuwe kwa hiari na kudhihirishwe ipasavyo. Alitangaza tarehe 11 Februari 2013, akaondoka tarehe 28, na aliishi karibu miaka kumi baadaye bila kudai kiti. Alifariki tarehe 31 Desemba 2022. Papa Fransisko naye alifariki tarehe 21 Aprili 2025, na Leo XIV akachaguliwa tarehe 8 Mei. Dai hili siku hizi linabaki kwa kuhamisha magoli: sasa wanasema makardinali wa Fransisko si halali.

Ugumu ukibaki, andika barua

Kanuni ya 212 §3 inampa mlei haki, na wakati mwingine wajibu, wa kuwaeleza wachungaji maoni yake kwa manufaa ya Kanisa, kadiri ya ujuzi wake na kwa heshima. Barua nzuri ni ya ukurasa mmoja. Anza na "Mhashamu Baba Askofu Mkuu, Tumsifu Yesu Kristo". Taja hati, tarehe na aya. Chini yake nukuu fundisho la zamani unaloona halipatani nalo, pia kwa namba. Kisha uliza swali linaloweza kujibiwa ndiyo au hapana. Malizia kwa kueleza unafanya nini wakati unasubiri, mfano: "Naendelea kufuata maelekezo ya Paroko." Weka jina, parokia, kigango na jumuiya, na uipitishe kwa Paroko.

Barua huharibika kwa mambo matatu. Maswali kumi na mawili ndani ya kurasa sita. Neno "uzushi" kwenye sentensi ya kwanza, maana hapo umeshahukumu na huulizi tena. Na nakala kurushwa kwenye kundi kabla askofu hajaifungua; Donum Veritatis namba 30 inaonya hasa juu ya kukimbilia vyombo vya habari ili kuwashinikiza wachungaji. Jibu lisipokuja, kumbusha mara moja. Namba 31 inakiri kwamba mtu anaweza kubaki na ugumu wake kwa dhati, akiubeba katika kimya na sala.

Kabla hujaingia kwenye Misa ya ukumbini

Mara nyingine ubishi huishia kwenye ukumbi wa kukodi, ambako padre mgeni anasoma Misa ya Kilatini. Kuipenda Misa hiyo si kosa. Kagua mambo manne. Je, padre ana barua ya utambulisho kutoka kwa mkubwa wake (kanuni ya 903)? Je, kuna ruhusa ya askofu wa jimbo, kama Traditionis Custodes inavyotaka, na inaonekana kwa maandishi? Katika sala kuu, je, anamtaja Papa Leo na askofu wa jimbo lako kwa majina? Asiyewataja ameshakwambia msimamo wake. Na ubatizo na ndoa zinaandikwa kwenye daftari la parokia gani?

Udugu wa Mtakatifu Pio wa Kumi, ulioanzishwa na Askofu Mkuu Marcel Lefebvre mwaka 1970, una historia yake: mwaka 1988 aliwaweka wakfu maaskofu wanne bila idhini ya Papa, mwaka 2009 Benedikto XVI aliwaondolea hao wanne adhabu ya kutengwa, na Fransisko aliwapa mapadre wake ruhusa ya kuungamisha kihalali kuanzia mwaka 2015, na mwaka 2017 akafungua njia kwa ndoa zao. Ruhusa za namna hii hutolewa na huweza kuondolewa, kwa hiyo ulizia ofisi ya jimbo hali yake ilivyo wakati unapouliza.

Kwa mapadre wengine wote wasio na ruhusa, tofauti hii ni kubwa. Misa ya padre aliyepewa daraja kwa uhalisi ni Misa, hata kama haina ruhusa. Lakini Kitubio na Ndoa vinahitaji mamlaka ya ziada, mbali na upadre wenyewe (kanuni za 966 na 1108). Nje ya hatari ya kifo, ambapo padre yeyote anaweza kuondolea dhambi, asiye na mamlaka hakuondolei kitu. Na ndoa aliyofungisha ukumbini ni batili kwa kukosa umbo la kisheria. Pengine hata serikali haiitambui, kwa kuwa Sheria ya Ndoa ya 1971 inamtaka kiongozi wa dini anayefungisha ndoa awe na leseni. Waliojikuta humo wasisubiri. Waende kwa Paroko wao na vyeti vya ubatizo vilivyotolewa karibuni, pamoja na karatasi yoyote waliyopewa siku ile. Kama hakuna kizuizi kingine, watarudia viapo mbele yake na mashahidi wawili, na jambo litaandikwa kwenye daftari la ndoa siku hiyo hiyo.